Dawa Nje ya Mshipa

Kidole gumba cha Winfrida ndicho kilichojua kwanza. Kilikuwa kimetulia juu ya mgongo wa mkono wa mgonjwa, pembeni kidogo ya sindano, kama alivyozoea kukiweka kwa miaka ishirini na mitatu, na chini yake ngozi iliyokuwa bapa na kavu ikaanza kuinuka taratibu kama unga uliotiwa hamira. Bomba la sindano lenye dawa ya sukari lilikuwa bado lina robo. Mgonjwa, aliyeletwa amekakamaa na macho yamegeuka meupe, ndiyo kwanza alikuwa amefumbua macho na kutazama dari. Ndugu zake waliosimama mlangoni walimwona, wakashusha pumzi kwa pamoja. Winfrida akaisukuma ile robo iliyobaki.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Mei, mwaka wa tisini na tano, katika zahanati ya Fakihi, Newala mjini. Enzi hizo za ruksa, mtu mwenye cheti na vyumba vitatu aliweza kufungua zahanati, na Fakihi alikuwa navyo vyote: cheti cha uganga msaidizi alichokitumia serikalini miaka kumi na miwili, na nyumba ya urithi iliyotazamana na soko. Dawa zilimjia kwa katoni kutoka Mtwara. Kilichokosekana kilikuwa mkono wa kuzitia mwilini mwa watu, na mkono huo aliupata alipompata Winfrida, ambaye wiki moja kabla jina lake lilisomwa katika orodha ya watumishi waliopunguzwa kazi.

Watu walimwita Mama Cyril, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa binti wa katekista wa Lulindi, amefundwa uuguzi na masista wa misheni waliokuwa wakipima kunjo la shuka kwa rula. Sifa yake ilikuwa moja, nayo ilitosha: alipata mshipa mara ya kwanza. Watoto waliokauka kwa kuharisha, wazee ambao mishipa yao ilikimbia sindano kama mijusi, wajawazito waliovimba hadi vifundo vikapotea, wote aliwapata mara ya kwanza. Wanawake walitoka Makote alfajiri na kupita milango mingine bila kugeuka, wakija kumuulizia yeye. "Yupo yule mwenye mkono mwepesi?" ndivyo walivyouliza, na Fakihi, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka kila alipoulizwa hivyo.

Mgonjwa wa asubuhi ile aliitwa Yuster, mama wa watoto wawili, mkulima wa Kitangari ambaye kiangazi alifinyanga vyungu. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Mishipa ya viwiko ilikuwa imelala, haionekani wala haigusiki, na Winfrida aliutafuta ule wa mgongo wa mkono wa kulia huku mjomba wa mgonjwa, Mzee Anselmo, akimtazama kwa juu ya bega lake. Sindano ilipoingia na damu ikarudi kwenye mrija, mzee yule alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeitikia sala, "Mkono wa Mama Cyril haukosei."

Maneno hayo yalikuwa bado yamo chumbani wakati ngozi ilipoinuka.

Alijua la kufanya. Alilifundishwa kabla hajafundishwa kupima homa: acha, chomoa, inua mkono, tafuta kwingine. Lakini kuchomoa kungekuwa ni kusema amekosea, mbele ya macho yale sita mlangoni, na kutafuta kwingine kungekuwa kutafuta kusikokuwa na kitu. Tena mgonjwa alikuwa amefumbua macho. Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo, si zaidi ya punje ya njugu. Kwa sindano ile ile akaunganisha chupa ya kwinini, akabandika plasta, akaulaza mkono juu ya kipande cha ubao na kuuzungushia bendeji tangu vidoleni hadi karibu na kiwiko. Kilichokuwa kikiendelea chini ya bendeji hakikuonekana tena.

Saa nzima haikupita Yuster akaanza kulalamika. Alisema mkono unaungua. Alisema tena. Kulikuwa na wagonjwa wengine kumi na mmoja siku hiyo, na Winfrida alipita kando ya kitanda akiwa na beseni mkononi.

"Vumilia, mwanangu," alimwambia. "Dawa kali ndiyo inayoponya."

Mara ya tatu Yuster alilisema kwa sauti iliyokwisha nguvu, kama anayejisemea. Baada ya hapo alinyamaza.

Saa nane mchana bendeji ilipofunguliwa, mkono ulikuwa umetuna kama andazi, ngozi yake imenyooka na kung'aa, baridi kwa kuigusa. Winfrida akachomoa sindano. Aliwaambia ndugu wamkande kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. "Ni maji tu ya dawa," alisema, "yatanyonywa." Asubuhi yake Yuster alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Mzee Anselmo alimshika Winfrida mikono yote miwili na kuinamisha kichwa, na yeye alitazama pembeni, kwenye ukuta, ambako kalenda ya wanunuzi wa korosho ilikuwa ikipeperuka.

*

Wiki tatu zilipita. Upepo wa kipupwe ulianza kuvuma kutoka bondeni, ukipanda genge la Newala na kuleta ukungu ambao hadi saa nne asubuhi ulikuwa haujaondoka barazani. Winfrida hakuuliza habari za Yuster. Kila alipoona mtu wa Kitangari alijikuta anatafuta jambo la kufanya katika chumba kingine.

Habari ilimfuata kule kule. Mwanamke mmoja aliyeleta mtoto mwenye kikohozi, huku akimfunga mtoto mgongoni, alisema kwa wepesi wa mtu anayetoa habari ambayo kila mmoja anayo:

"Yule Mama Julia wenu mliyemfufua, mkono umeoza."

"Mama Julia yupi?"

"Yuster. Mkono wa kulia. Umekuwa mweusi kama mkaa. Lakini si wa hospitali ule, ule una mwenyewe."

Akasimulia. Mwezi wa Aprili bomba la maji pale Kitangari lilikauka siku kumi na moja, na siku lilipotoa tena, foleni ya ndoo ilizunguka gulio zima. Yuster, aliyekuwa ameamka mapema, alirudi kutoka kumnyonyesha mwanawe akakuta ndoo ya mjane mmoja, Bibi Dominika, imekaa mbele ya yake. Akaisogeza. Ndoo ikapinduka. Bibi Dominika, ambaye hakuwa na mtoto wala mjukuu wa kumchotea, alitazama maji yanavyoingia mchangani, kisha akasema mbele ya foleni nzima: mkono huo uliozoea kusogeza vya wenzio, iko siku hautasogeza hata kijiko.

"Siku tisa tu baadaye Yuster akaanguka," alisema yule mwanamke. "Nyie mlimponya homa. Kilichowekwa mkononi hamkukiona, mngekionaje? Jumamosi hii wanampeleka bibi akanyolewe."

Kunyolewa. Tangu utotoni Winfrida aliliona jambo hilo. Mtu hupelekwa kwa mganga, hukalishwa chini katikati ya watu, kichwa chake hunyolewa chote, hunyweshwa dawa, na akirudi nyumbani hakuna tena atakayempa moto wala chumvi. Baadhi yao hawakurudi hata kwenye nyumba zao, maana walizikuta hazina paa.

Mchana ule alikosa mshipa. Ulikuwa mkono wa kijana mpasua mbao, mishipa imetokeza kama mizizi, mkono ambao mwanafunzi angeupata amefumba macho. Akakosa mara ya pili. Mara ya tatu akamwita Fakihi.

Jioni alipokuwa akiosha mabomba alimweleza. Fakihi alikuwa akifuta miwani kwa pindo la koti lake jeupe.

"Nani amesema ni sisi?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi."

"Lakini ni sisi, Dokta. Ile sukari na ile kwinini zilitoka nje ya mshipa."

Fakihi alivaa miwani na kumtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kulala sakafuni zahanatini siku nne mfululizo wakati wa kipindupindu. "Yule alikuja hapa ni maiti, Mama Cyril. Akatoka anaongea. Ukitaka kusema, sema hilo."

"Na yule bibi?"

"Yule bibi alikuwa na maneno na watu kabla nyumba hii haijapigwa lipu. Watu wa Kitangari wameshapata jibu lao. Ukienda kuwanyang'anya jibu, itabidi uwape jingine. Na hilo jingine lina mlango, lina kibao, na juu ya kibao kuna jina langu." Alifunga vifungo vya koti. "Hata lako limo, ingawa halikuandikwa."

Winfrida aliendelea kuosha. Maji yalikuwa ya baridi na vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, naye aliona afadhali. Siku mbili hizo alikuwa kama kuku mwenye kutaka kutaga: akikaa anainuka, akiinuka hajui aendako. Alipika ugali akausahau jikoni. Alikwenda kanisani jioni ya Jumatano, akafika katikati ya maungamo ya pamoja, akakuta mdomo unasema maneno yote bila kukosea hata moja, nao moyo umekaa pembeni ukiutazama mdomo. Alhamisi asubuhi alimtumia Fakihi ujumbe kwamba hatafika kazini, akapanda Landrova iliyokuwa inapeleka mifuko ya salfa kwa wakulima wa mikorosho, akakaa juu ya ile mifuko, na vumbi la njano likamwingia machoni njia nzima.

*

Yuster alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mgongo ameuegemeza ukutani, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze. Inzi walikuwa wakiuzunguka. Mkono wa kushoto ulishika kitawi cha mwembe, ukiwafukuza.

"Shikamoo, Mama Cyril."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuutazama mkono."

Alifungua majani na vitambaa polepole, akivilowesha kila vilipogandana. Harufu ilimfikia kabla ya jeraha. Katikati ya mgongo wa mkono palikuwa na gamba jeusi, gumu kama ngozi ya ngoma, upana wa mdomo wa kikombe. Kingo zake zilikuwa zimeanza kuachia, na pale zilipoachia ilionekana kano, nyeupe, iking'aa. Alimwomba akunje vidole. Gumba na vidole viwili vya pembeni vilisikia. Viwili vya kati vilitikisika tu.

Yuster hakuwa akiutazama mkono. Alikuwa akimtazama yeye.

"Nataka kukuuliza jambo," alisema. "Siku ile nilikuambia mkono unaungua. Au niliota? Hapa nyumbani wanasema homa ilinipanda, nilikuwa nazungumza na watu wasiokuwapo. Nikawaambia, mbona nilimwambia nesi? Wakasema uliota. Nimejiuliza mpaka nimechoka."

Njiani, akiwa amekaa juu ya ile mifuko ya salfa, Winfrida alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi. Hilo halikuwamo.

"Hukuota," alisema. "Ulisema mara tatu."

Kitawi cha mwembe kilisimama.

"Ni dawa, Yuster. Ndani ya mshipa dawa huchukuliwa na damu, ikatawanyika mwili mzima. Ikitoka nje ya mshipa haina pa kwenda. Inakaa pale pale na kuila nyama iliyoizunguka. Hakuna mtu aliyekuroga. Ni dawa niliyokutia mimi."

Yuster aliuinamia mkono wake na kuutazama. Kisha machozi yakamtoka, na Winfrida akadhani ni ya hasira, lakini yule mwanamke alisema, "Basi sikuwa mwendawazimu." Na baada ya kitambo: "Wewe hukuona?"

"Mkono ulikuwa umefungwa bendeji," Winfrida alisema. "Tulipofungua, saa nane, ndipo tukaona."

Bendeji ilikuwapo. Saa nane ilikuwa saa nane. Kila neno peke yake lilikuwa la kweli, na yalipokaa pamoja yalikuwa uongo.

Mzee Anselmo alirudi kutoka shambani adhuhuri, akamkuta mgeni ameketi kwenye kigoda, akamkaribisha kwa furaha ya kweli. Winfrida alimweleza yote aliyomweleza Yuster. Mzee alisikiliza akikwangua udongo kwenye jembe kwa kijiti, na kadiri maelezo yalivyokwenda ndivyo alivyokwangua taratibu zaidi, mpaka kijiti kikasimama.

"Mkono ule ule uliotuponyea mtoto wetu," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na maneno ya yule mama mbele ya watu wote? Yalikuja kabla ya homa. Siku tisa kabla."

"Maneno yalikuwapo. Lakini sindano niliichoma mimi."

"Unajua unachoniomba, Mama Cyril? Nimekaa na wazee wenzangu. Nimesimama, nimesema. Watu wameshachagua watakaokwenda kumchukua. Sasa niseme nini, kwamba tulimpeleka binti yetu kwa miguu yetu kwenye jambo hilo?" Sauti yake haikupanda. "Mtu akiumizwa na adui anajua pa kukaa. Akiumizwa na aliyemponya, anakaa wapi?"

Winfrida aliinuka kwenye kigoda. Alisema, "Nipe Yuster nimpeleke hospitali, gamba lile litolewe kabla halijafika mfupani. Na yule bibi asiguswe."

Mzee alitazama mbele, kwenye mikorosho yake iliyokuwa ikingoja salfa.

"Mpeleke mtoto," alisema. La pili hakulijibu.

*

Waliteremka genge Ijumaa asubuhi kwa gari la wafanyabiashara wa mbaazi, wakaingia hospitali moja ya misheni upande wa Masasi. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole na viatu vilivyochakaa. Aliukagua mkono, akausoma waraka aliouandika Winfrida kwa mwandiko wake wa masista, wenye jina lake mwenyewe chini, na akampongeza kwa kuuandika. Wengi, alisema, huleta mgonjwa na kuandika 'jipu'.

"Iligunduliwa saa ngapi?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Saa nane mchana."

"Na dawa ilianza saa nne." Akaandika. "Bahati mbaya. Ingeonekana ndani ya dakika za mwanzo, sindano ikatoka, mkono ukainuliwa, pengine kingekuwa kidonda kidogo tu cha kujifunga chenyewe."

Alilisema bila lawama. Winfrida aliitika kwa kichwa, kama mwanafunzi anayesikia somo kwa mara ya kwanza.

Walikaa pale siku ishirini na nne. Gamba lilikatwa, likaacha shimo jekundu. Baada ya wiki mbili ngozi ikachunwa pajani na kushonewa juu yake. Winfrida alilala kwenye mkeka chini ya kitanda. Alimlisha Yuster, akamwogesha, akamsuka nywele, akaosha vitambaa vyake na kuvianika juani. Wauguzi wa wodi walidhani ni mama yake mzazi, mpaka Yuster mwenyewe alipowaambia.

"Huyu ni nesi wangu wa Newala. Dawa ilimtoka bila kujua, akanifuata mpaka nyumbani akasema kweli. Wangapi wangefanya hivyo?"

Wanawake wa vitanda vya jirani walimtazama Winfrida kwa heshima. Mmoja alimtumia kipande cha muhogo wa kuchoma. Aliutafuna, ukapita kooni kama vumbi. Alikuwa amedhani akishasema atatulia. Hivyo ndivyo alivyowaona watu wengi wakitulia baada ya kutapika. Lakini kila siku sifa ile ilipotajwa, kitu fulani ndani yake kiliongezeka kidogo, kikasukuma kutoka ndani, na hapakuwa na mtu wa kukiona kwa nje.

Jumapili ya pili Mzee Anselmo alikuja, amevaa koti la kanisani, na kuku wa kienyeji amemfunga miguu kwa kamba ya katani. Baada ya salamu alikaa pembeni mwa kitanda akiutazama mkono uliofungwa.

"Jumamosi ile niliwazuia," alisema bila kuulizwa. "Niliwaambia wangoje. Hawakungoja, walikwenda. Wakakuta mlango umefungwa kwa kamba na nyumba haina mtu. Pale kizingitini kulikuwa na nywele. Nywele zote za kichwa chake, nyeupe, zimekusanywa zikawekwa juu ya jani la mgomba. Alijinyoa mwenyewe, akaondoka."

"Kwenda wapi?" Winfrida aliuliza.

"Wanasema Makote, kwa mtoto wa marehemu dada yake."

Kuku alijipigapiga sakafuni, kisha akatulia.

Winfrida aliporudi Newala, Fakihi alimpokea vizuri. Alimuuliza hali ya mgonjwa, akafurahi kusikia kidonda kimeshika. Kisha akampa viatu vyake vyeupe vya kazi, vimefungwa kwenye gazeti. Chumbani mwa sindano kulikuwa na binti mwingine, mkakamavu, ambaye alimwamkia kwa adabu. Winfrida alishukuru, akatoka. Barazani mwanamke mwenye mtoto mchanga alimwona akasimama haraka, akidhani anaingia.

*

Mwezi wa Agosti Yuster alikuwa amekwisharudi Kitangari. Ngozi ilikuwa imeshika, nyororo na nyepesi kuliko ile iliyoizunguka, lakini vidole viwili vya kati vilibaki vimekunjamana, havikunyooka. Alijaribu kufinyanga akakuta chungu kinaegemea upande. Alicheka, akamwambia Winfrida kwamba atajifunza kutengeneza vyungu vinavyoegemea. Winfrida alitaka kumwambia siku hiyo ukweli uliobaki. Badala yake alimsaidia kukanda udongo, akaaga mapema.

Wiki iliyofuata alikwenda Makote. Alijiambia anakwenda kumwomba radhi yule bibi, jambo ambalo lilikuwa haki yake.

Bibi Dominika alikuwa kibarazani akipukuchua mbaazi kavu. Alikuwa mwembamba, mnyoofu wa mgongo, na nywele zilikuwa zimeanza kuota tena, fupi, zimekizunguka kichwa kama pamba iliyosalia shambani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule nesi. Kaa."

Alikaa. Alisema aliyokuja kuyasema: kwamba haikuwa uchawi, ilikuwa dawa; kwamba Mzee Anselmo amekwishawaambia watu; kwamba nyumba yake ya Kitangari ipo na paa lake, na ameonewa, na anaomba radhi. Bibi Dominika alisikiliza mpaka mwisho huku mbaazi zikidondoka kwenye ungo.

"Anselmo alimtuma mtu, akaniambia," alisema. "Nikamwambia, unajua mimi nilisema maneno yale kwa dhati? Watu wanadhani nilisingiziwa. Sikusingiziwa. Maji yalipomwagika niliutazama ule mkono, nikataka uume. Niliutaka kabisa. Kwa hiyo nilipoambiwa umeoza sikushangaa, wala sikukataa. Nilichukua wembe. Nikasema, wasije wakapata taabu ya kuninyoa, na kosa ni langu." Alichukua ganda jingine. "Miezi mitatu nimekuwa nikitubu. Sasa mnakuja mmoja mmoja kuniambia si mimi. Vizuri. Lakini yule mtu wa Anselmo hakujua kueleza. Wewe nieleze. Dawa inatokaje?"

Winfrida aliuomba mkono wake. Ulikuwa mkavu na wenye joto la jua, na mishipa yake ilikuwa mizuri. Akaulaza juu ya goti lake. Akamwonyesha sindano inavyoingia hapa, inavyolala hivi ndani ya mshipa. Ukuta wa mshipa ukitoboka upande wa pili, dawa haiendi tena mbele, inatandaa chini ya ngozi, hapa na hapa.

"Na mtu wa nje anaonaje?"

"Pananyanyuka."

"Papo hapo?"

"Papo hapo. Kidogo kwanza."

Bibi Dominika aliutazama mkono wake mwenyewe kwa muda, kama anangoja unyanyuke.

"Mama," alisema, "wewe ulijua saa ngapi?"

Saa nane ilikuwa tayari mdomoni. Ilikuwa imekwishatamkwa mara nyingi mno hata ikawa na njia yake. Winfrida alihisi inakuja, akafunga meno.

"Mwanzo kabisa," alisema. "Niliuhisi. Kulikuwa na robo ya dawa imebaki kwenye bomba, nikaisukuma. Halafu nikaongeza nyingine juu yake, nikafunga bendeji ili nisione."

Mahali fulani nyuma ya nyumba mtu alikuwa akitwanga. Winfrida alingoja mkono ule uchomoke gotini pake. Haukuchomoka.

"Yeye anajua?"

"Hajui. Ananisifu kwa watu."

Bibi Dominika aliuchukua mkono wake, si kwa haraka, akarudi kwenye mbaazi. Akausogeza ungo kidogo ili uwe katikati yao, na wote wawili wakapukuchua mpaka zikaisha. Walipomaliza, bibi aliingia ndani akatoka na kata ya maji, akampa anawe.

Barabarani jua lilikuwa bado liko juu. Winfrida alisimama upande wa magari yaendayo mjini, mahali alipozoea kusimama. Haikupita nusu saa likaja gari aina ya pikapu, dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Newala, mama?"

Alimtazama. Alitazama na nyumba aliyotoka, ambako kibarazani hapakuwa tena na mtu. Kisha akatikisa kichwa, na gari lilipokwisha kupita na vumbi lake, alivuka barabara akasimama upande wa pili, wa kwenda Kitangari kwa Yuster, ambako magari yalikuwa machache, na mchana ule hakujua kama lingepita hata moja.